Mpwapwa, mji ulioitwa na maji ya mlimani

Ukitoka Dodoma kuelekea Morogoro utafika Mbande, njia panda ambayo mabasi ya Dar es Salaam huipita yakipunguza mwendo kwa sababu ya matuta tu. Anayenyoosha mbele anawahi Kibaigwa, Gairo na milima ya Uluguru. Anayekata kulia anakwenda Kongwa, na baada ya Kongwa, Mpwapwa. Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wanaonyoosha. Wakazi wengi wa makao makuu ndivyo tulivyo: tukipata Jumamosi yenye nafasi tunakimbilia Morogoro kutazama mlima unaotiririsha maji, tukiamini kwamba huku kwetu kuna vumbi, mibuyu na zabibu, basi.

Kilichonifanya nikate kulia mwishoni mwa Machi ni simu ya mtoto wa dada yangu, anayesomea ualimu Mpwapwa.

"Shikamoo mjomba. Wiki hii mvua imenyesha vizuri Kiboriani. Njoo uone maji yanavyoporomoka. Na uje na njaa."

Maji yanaporomoka mkoani Dodoma! Neno hilo kwa Mtanzania lina kwao, na kwao ni Marangu. Huko kuna maporomoko ya Kinukamori na Ndoro, kuna chuo cha ualimu cha siku nyingi, kuna mtori, kiburu na mbege. Mgeni anashuka kwenye gari na kila kitu kimeshaandaliwa kwa ajili yake, kuanzia kibao cha kuonyesha njia hadi kijana wa kumwongoza. Mpwapwa haina kibao cha namna hiyo. Nilikwenda kwa sababu mtoto ameniita, na nilirudi nikiwa na hakika kwamba mji huu mdogo, ulio kilometa zipatazo 120 kutoka Dodoma, umezaliwa na maji, unaishi kwa maji, na hatima yake imo katika namna yanavyoteremka mlimani.

Kabla ya Mpwapwa kuna Kongwa, na Kongwa huipiti bila kukumbuka karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika Mashariki na Kati, ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula uliobaki baada ya vita, na mahali pa kuanzia palikuwa hapa. Yaliletwa matrekta yaliyochakaa vitani, hata vifaru vilivyogeuzwa mashine za kung'olea visiki. Masika yakiisha, udongo wa Kongwa hukauka ukawa kama tofali. Ulikula majembe, ukazifungia karanga ardhini zisichimbuliwe, na mvua nayo ikaja kwa kiasi chake kilekile cha siku zote. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara iliyoandikwa vitabuni ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Baadaye, kuanzia mwaka 1964, Kongwa ilipokea kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na hiyo ni habari inayostahili makala yake. Siku ile nilinunua karanga za kuchemsha za kifuko kutoka kwa mama aliyezilima mwenyewe, nikazila njiani. Udongo ni uleule. Yeye analima kipande anachokimudu kwa jembe la mkono, anaanza na mvua ya kwanza, na anavuna udongo ungali laini.

Kisha mlima unatokea. Mtu aliyezoea Dodoma, ambako macho hukimbia mpaka yakachoka bila kugonga kitu zaidi ya kilima cha mawe, hushtuka kidogo. Kiboriani imesimama ubavuni mwa mji, mgongo wake umefunikwa na msitu na mara nyingi na wingu, na chini yake mji umejipanga kama watoto waliomzunguka bibi. Stendi ni ndogo. Mpwa wangu alikuwa ananisubiri na sare yake ya chuo, akapokea mkoba wangu na kuanza kunitembeza kabla sijanywa hata maji.

Mji wa vyuo unautambua kwa maduka yake. Steshenari zimepangana, kila moja na mashine ya kutoa kopi inayonguruma. Kuna vibao vya vyumba vya kupanga, ambavyo wanachuo wenyewe wanaviita geto, kuna saluni, kuna kibanda cha chipsi mayai kinachofungwa usiku wa manane. Hapa wapo wanachuo wa ualimu, wapo wa chuo cha afya kinachofundisha maofisa wa afya ya mazingira, na wapo wa kampasi ya LITA, Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, wanaopita na buti za mpira zenye matope. Idadi ya walimu, mabwana afya na maofisa mifugo wa nchi hii waliowahi kulala Mpwapwa ni kubwa kuliko ukubwa wa mji unavyoonyesha. Ukikutana na mwalimu mstaafu Kigoma au Mtwara, mtajie Mpwapwa, utaona uso wake unavyobadilika.

Kwa nini vyuo vyote hivi viliwekwa mahali palipojificha namna hii? Jibu linaanza kabla ya vyuo.

Wazee wa hapa bado wanapaita Mhamvwa. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikipanda kutoka pwani, ikishafika Mpwapwa inatua. Mbele yake kulikuwa na Chunyu, yenye maji ya magadi, na baada ya Chunyu nyika ya Marenga Mkali, mwendo mrefu usio na tone la maji ya kunywa. Kwa Kigogo maji ni malenga, kwa hiyo jina lile lilikuwa onyo kwa msafiri: maji makali, maji machungu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa walijua kwamba asiyejaza kibuyu Mpwapwa anaweza asiione Mvumi. Na huko mbele, ndani ya Ugogo penyewe, kila mtemi alitoza hongo, na sehemu kubwa ya kilicholipiwa ilikuwa ruhusa ya kuchota kisimani. Neno hilo leo tumeliacha kwa rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru uliojulikana, ukajadiliwa mchana kweupe kwa siku mbili tatu, kwa sababu maji yalikuwa mali.

Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Alifika amechoshwa na uji wa mtama na nyama ngumu ya mbuzi, akakuta Mpwapwa maziwa, mayai, asali na samli, na furaha yake imebaki katika kitabu chake. Mwenzake Farquhar, aliyekuwa mgonjwa, alimwacha hapa, akafia hapa. Mwaka 1876 wamisionari Waanglikana wa CMS waliokuwa njiani kwenda Uganda walianzisha kituo. Wajerumani wakafuata, na mwaka 1889, wakati wa vita vya pwani, Bushiri bin Salim, kiongozi wa waliowapinga, aliwavamia hukuhuku mbali na bahari. Mwaka huohuo kamanda wao, Wissmann, akajenga boma. Wote hao, mfanyabiashara, padri, mwanajeshi na aliyempinga, waliletwa mahali pamoja na kijito kilekile. Njia ya wanyama ikawa njia ya wapagazi, njia ya wapagazi ikawa kituo, kituo kikawa mji, na mji ukapata vyuo.

"Mjomba, umeshiba historia," mpwa wangu alisema. "Twende tukale."

Aliniongoza kwenye banda la mama lishe nyuma ya soko, mabenchi mawili na meza iliyofunikwa nailoni ya maua. Nilisalimia kwa Kigogo changu kichache, "Mbukwenyi," na wanawake watatu wakaitikia kwa pamoja kwa sauti iliyonifanya nijione mwenyeji. Nilikuwa nimejiandaa kuagiza wali. Mpwa wangu alikataa kwa niaba yangu.

Kilicholetwa ni ugali wa uwele, rangi yake ya kijivu inayoelekea kwenye kahawia, umepigwa mpaka umekuwa na mng'ao. Pembeni bakuli la mlenda, ambao Wagogo wanauita ilende. Kwenye kibakuli kidogo, maziwa ya mgando. Hakuna kijiko. Mama lishe alitumwagilia maji mikononi kutoka kwenye jagi, akasimama kidogo kutazama kama mgeni anajua kula.

Mlenda wa Dodoma unaonewa. Watu wa mikoa mingine huucheka kwa sababu ya kuteleza kwake, na nasikitika kusema kwamba vijana wa hapa wakifika Dar es Salaam nao huanza kuuonea aibu. Wanaoucheka hawajui kazi iliyomo. Masika majani huchumwa mabichi, hukatwa na kutiwa katika maji yanayochemka yenye magadi kidogo, kisha hupekechwa mpaka yashikamane. Lakini masika ya hapa ni miezi michache, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mtu anatakiwa ale mwaka mzima. Kwa hiyo majani huanikwa, hutwangwa, na unga wake huwekwa ndani. Mwezi wa Oktoba, nchi yote ikiwa kahawia na mbuzi wanakula makaratasi, mama anachota vijiko viwili vya unga ule, anatia kwenye maji ya moto, na nyumba ina mboga ya kijani. Friji haihitajiki. Huu ni ufundi wa watu walioisoma mvua yao vizuri, na uwele ni ukurasa mwingine wa ufundi huohuo: unakomaa upesi na unavumilia jua ambalo lingekausha mahindi yakiwa bado hayajatoa mbelewele.

"Mama, mbona mlenda wako mzito na mtamu hivi?" nilimuuliza.

"Karanga, baba. Nimesaga mwenyewe. Na sikutia nyanya nyingi, nyanya nyingi zinaharibu."

Nilikula nikafikiria zile ekari milioni tatu. Karanga zilikuwa hapa siku zote, zikisagwa kwenye mawe, zikiingia kwenye chungu cha mlenda kwa kiasi kinachotosha.

Soko lenyewe lilinipa saa nzima ya furaha. Wilaya ya Mpwapwa haiko bapa kama wengi tunavyodhani. Vitunguu vinakuja kutoka Lumuma na Godegode, ambako maji ya mito yanaingizwa mashambani kwa mifereji. Maharage yanatoka milimani. Kuna ubuyu, ukwaju, ufuta, asali nyeusi ndani ya chupa za maji zilizotumika. Kuna kuku wa kienyeji waliofungwa miguu wakitazama watu kwa dharau. Na watu wenyewe wamechanganyika: Wagogo, Wakaguru wa upande wa mlima, Wahehe wa upande wa Ruaha, Wabaraguyu na mashuka yao. Nyama choma ipo ya mbuzi na ya ng'ombe, na kwa ng'ombe Mpwapwa ina neno la kusema.

Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha hapa maabara ya mifugo. Waingereza wakaiendeleza, na leo eneo hilo liko chini ya TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania. Wafugaji wa nchi nzima walikuwa na shida moja: ng'ombe wetu wa asili ni mvumilivu, hafi kwa kiangazi wala kwa kupe kirahisi, ila maziwa yake ni kikombe. Ng'ombe wa Ulaya anatoa ndoo, lakini jua la Ugogo linamwangusha. Watafiti wa Mpwapwa walichanganya damu ya ng'ombe wa asili na ya Boran, wakaongeza Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, na Ayrshire kidogo. Baada ya miaka mingi ya kuchagua madume na kuandika uzito wa kila ndama, akapatikana ng'ombe wa maziwa na nyama anayestahimili ukame, akapewa jina la mji: ng'ombe wa Mpwapwa. Ni miji michache ya Tanzania ambayo jina lake linatembea kwa miguu minne. Ninachoomba ni kwamba ng'ombe huyu afike kwa wafugaji wengi zaidi ya hawa walio jirani na taasisi, kwani alitengenezwa kwa ajili yao.

Jumapili asubuhi tulipanda mlima. Tulikuwa sita, mpwa wangu na wenzake wanne wa chuo, na mimi niliyewachelewesha. Njia inaanza kwenye mashamba ya mahindi, inapita miembe, kisha inainuka ghafla. Baada ya saa moja na nusu hewa ilibadilika. Niliyasikia maji kabla ya kuyaona. Kijito kinateremka katikati ya mawe meusi yenye ukungu, kinafika kwenye mwamba, kinaanguka. Urefu wake haufiki wa watu watatu waliosimama mmoja juu ya bega la mwingine. Hakitaingia kwenye kalenda ya utalii, na mwezi wa Septemba huenda kikawa uzi tu. Lakini mimi nimeishi Dodoma, nimepanga foleni ya ndoo, nimeoga kwa lita tano. Nilivua viatu nikasimama chini yake na nguo zangu, na wale vijana wakanishangilia kama niliyefunga goli.

Tulipokuwa tumekaa kukauka, kijana mmoja anayesomea sayansi alinionyesha upande wa pili wa bonde. Palikuwa na kipara chekundu, mtu amefyeka na kuchoma mkaa, na mvua ya wiki ile ilikuwa imeshachora makorongo matatu. Nikamweleza jambo ambalo nililisoma zamani na ambalo nilisikitika kuona halijulikani katika mji lilikofanyika.

Katika miaka ya 1930, hapahapa Mpwapwa, watafiti akiwamo R. R. Staples walitenga vipande vya ardhi vyenye mteremko wa asilimia 6 wakapima maji na udongo unaotoka katika kila kimoja baada ya mvua. Mvua ya mwaka ilikuwa milimita 570 hivi. Kipande chenye vichaka visivyolishwa mifugo kilipoteza asilimia 0.4 tu ya maji yake, na udongo wake haukwenda popote. Shamba lililolimwa lilipoteza asilimia 26 ya maji na tani 78 za udongo kwa hekta. Ardhi tupu ilipoteza asilimia 50.4 ya maji, nusu ya mvua yote, na tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya lori 20 za tani 7, zinaondoka kwenye hekta moja bila dereva. Takwimu hizo zimezunguka dunia ndani ya vitabu vya hifadhi ya udongo. Zimetumika kufundishia nchi nyingine.

Yule kijana alinyamaza, akatoa simu, akaziandika.

Ndiyo maana mlima huu unatoa maji hata baada ya mvua kukatika: majani na mizizi vinaishika, ardhi inaimeza, chemchemi inairudisha polepole. Ukiufanya kipara, maji yote yanashuka siku moja. Na yakishuka siku moja hayaishii Mpwapwa. Yanaingia mto Kinyasungwe, yanapita Gulwe, yanakuwa Mkondoa, kisha Wami, hadi baharini. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani inafuata bonde hilohilo, na kila mwenye umri anakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliyoikata kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Imekatika tena mara kadhaa tangu hapo. Sababu za mafuriko yale ni nyingi na bonde ni pana kuliko mlima mmoja, lakini kila korongo jipya lililoanza kwenye kipara kama kile linaongeza mzigo wake.

Leo reli ya kisasa ina stesheni Gulwe. Treni za abiria zilianza kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Mpwapwa iko jirani na njia kuu ya nchi, kama ilivyokuwa enzi za wapagazi. Wageni watakuja. Napenda waje, mama lishe wa nyuma ya soko anawahitaji na vijana wa chuo wangejipatia nauli kwa kuwaongoza. Waje wakute mlima bado una nywele.

Kwa msomaji anayetaka kwenda: nenda kati ya Februari na Aprili. Kama unatoka Dar es Salaam ulizia treni inayosimama Gulwe, kama unatoka Dodoma kata kulia Mbande. Agiza ugali wa uwele na ilende yenye karanga, usiombe kijiko. Nunua vitunguu vya Lumuma na unga wa mlenda vya kupeleka nyumbani. Mlimani usipande bila mwenyeji, na chupa uliyopanda nayo ushuke nayo.

Na kwa wakuu wa vyuo vya Mpwapwa nina ombi moja. Wanachuo wenu wakimaliza wanapangiwa vituo katika kila wilaya ya nchi hii. Kabla hawajaondoka, wapandisheni Kiboriani walau mara moja, muwaonyeshe kijito na muwaonyeshe kipara, na muwape zile namba za Staples waende nazo: 0.4, 26, 50.4.